Nani Aliyelishika Gurudumu la Kompresa?

Kwa miaka sita, mafundi wa gereji ya dada yangu walikuwa wanaapa kwamba marehemu shemeji yangu bado yumo mle ndani.

Si kwamba walimuona akitembea. Hapana. Walisema analishika gurudumu la kompresa kwa mkono.

Ule mkono ambao kompresa hiyo hiyo iliuchukua.

Naomba usicheke. Mimi nilicheka, tena kwa sauti, nikiwa juu ya ngazi na bisibisi mdomoni. Kicheko kiliniishia siku nilipoliona kwa macho yangu mawili, saa nne asubuhi, nimeshakunywa chai na akili zangu zote ziko mahali pake.

Twende taratibu.

Mimi ni fundi umeme. Dada yangu mkubwa aliolewa na fundi magari ambaye kila mtu alimwita Spana, hata mama mkwe wake. Ndiye aliyeninunulia testa yangu ya kwanza. Ndiye aliyenipa kazi wakati watu wengine hawaniamini hata kubadilisha soketi. Nilimpenda yule mtu, nalisema bila aibu.

Gereji yake ni jengo refu la bati. Mbele kuna mlango mpana na jua la kutosha. Nyuma hakuna dirisha hata moja, na huko ndiko zilikokaa kompresa mbili za upepo, kubwa na ndogo, zimebanana kama wakwe waliogombana na chumba ni kimoja.

Ile kubwa ilikuwa na gurudumu la chuma lenye spoki sita nene, linazungushwa na mkanda. Kava lake la wavu lilishatolewa zamani, maana mkanda ulikuwa unabadilishwa kila mara na kila mtu alichoka kufungua boliti nane. Otomatiki yake nayo ilishakufa. Ilikuwa inawashwa na kuzimwa kwa mkono, kwenye swichi ya ukutani.

Sasa, siku ya tukio.

Ilikuwa mchana. Kompresa ndogo inanguruma, gari moja linapigwa resi pale katikati, hamsikilizani. Mkanda wa kompresa kubwa ulikuwa unapiga yowe tangu asubuhi. Spana akaenda nyuma, akaangalia gurudumu, akaona limesimama. Akajua mtu ameizima. Akapeleka mkono apime mkanda umelegea kiasi gani.

Sitakusimulia kilichofuata.

Alikaa hospitali siku tatu. Siku ya pili alipata nguvu ya kuongea. Tulikuwa mimi, dada, na rafiki yake kipenzi, Fundi Rangi, aliyekuwa anapaka magari pale gereji tangu siku ya kwanza ilipofunguliwa.

"Lilikuwa limesimama," Spana alisema. "Nililiona kwa macho yangu. Limesimama tuli."

Alirudia mara tatu. Na Spana hakuwa mtu wa uongo, hata wa utani.

Mimi ndiye niliyefungua mdomo. Mimi, si mtu mwingine. Nikauliza, "Sasa nani aliwasha?"

Halafu nikamuangalia Fundi Rangi. Kwa sababu pale ukutani, chini ya swichi, ndipo yeye alipokuwa anachomeka mpira wake wa upepo wakati ule.

Dada akafuata macho yangu.

"Sikuigusa," Fundi Rangi akasema. "Shemeji, naapa. Nilipofika niliikuta imeshawashwa. Niliikuta inanguruma."

"Kwa hiyo mume wangu anadanganya? Yuko kitandani hivi, anadanganya?"

Spana alifariki kesho yake. Hakuna aliyeshtakiwa, ikaandikwa ajali. Lakini mtaani kesi haikuhitaji hakimu. Fundi Rangi alifukuzwa makaburini mbele za watu, na aliyempigia kelele ni dada yangu. Baada ya hapo hakuna gereji iliyompa gari. Watu walisema yule akishika swichi mtu anakufa. Mtu mwenye mkono mwepesi kuliko wote niliowahi kuwaona na bunduki ya rangi, akaishia kupaka mageti na vitanda vya chuma kando ya barabara.

Gereji ikabaki kwa dada. Aliiendesha, tena vizuri. Tatizo likawa kule nyuma.

Mafundi wakaanza kusema gurudumu linasimama lenyewe wakati mashine inanguruma. Linasimama kabisa, halafu linarudi kinyumenyume polepole, kama mtu analizungusha kwa mkono. Wawili waliacha kazi. Mmoja alikuwa anaenda kuwasha kompresa amefumba macho, anapapasa ukuta, mpaka siku alipojigonga kwenye jeki na kung'oka jino.

Mwaka huu dada akachoka.

"Njoo utoe hizo taa za tyubu zote," akaniambia. "Nusu zinakonyeza, nusu zimekufa, choki zake za ndani zinalia kama nyuki. Weka LED. Weka mwanga mweupe pe mpaka mtu aone hata sisimizi. Labda wataacha kumsema mume wangu."

Nikaenda. Taa ishirini na nne mpya, nyaya mpya, swichi mpya. Nilianza mbele, siku ya tatu nikafika nyuma.

Nilikuwa nimeshafunga LED sita juu ya kompresa, nikazipa swichi yake peke yake. Tyubu za zamani zilikuwa bado zinaning'inia pembeni yake, zinawaka, nimepanga kuzishusha jioni. Fundi injini mmoja, Kipara, akaja kuwasha kompresa kubwa maana alikuwa na matairi ya kujaza.

Nikazima LED ili niunge waya wa mstari unaofuata. Zikabaki tyubu peke yake.

Nikatazama chini.

Gurudumu limesimama.

Mashine inanguruma, mkanda unalia, sakafu inatetemeka hadi ngazi yangu inacheza. Na gurudumu limesimama tuli, spoki zote sita nazihesabu.

Halafu likaanza kurudi nyuma. Polepole. Kama mtu ameweka kiganja anasukuma.

Nyie, acheni tu. Roho ilipaa. Bisibisi ilianguka sijui saa ngapi. Nilishuka ngazi kwa njia ambayo hata leo sijui kama niliteremka au nilidondoka, nikajikuta nimekumbatia nguzo namwita shemeji yangu kwa jina lake halisi.

Kipara akageuza uso ukutani. "Si nilikwambia? Ukacheka. Cheka sasa."

Nilinyoosha mkono nikawasha LED. Sikuwa na akili ya kufanya lingine, nilitaka mwanga tu.

Spoki zikapotea. Gurudumu likawa duara la kijivu lisiloshikika kwa macho, linavuma, linakwenda mbio kama linavyopaswa.

Nikazima. Likasimama.

Nikawasha. Likakimbia.

"Marehemu anaogopa LED?" Kipara akauliza, bado kageukia ukuta, anachungulia kwa jicho moja.

Nilicheka. Sekunde moja tu. Kisha nikazikodolea macho zile tyubu, kwa sababu kuna kitu mzee aliyenifundisha umeme aliwahi kuniambia nikiwa namshikia ngazi, na mimi nilikuwa nawaza chakula cha mchana.

Tyubu haiwaki mfululizo kama hizi LED. Inawaka na kuzimika mara mia kwa sekunde moja, jicho halioni. Sasa kama spoki za gurudumu nazo zinapokezana mahali pamoja mara mia kwa sekunde, kila taa inapowaka inakuta spoki mahali pale pale. Jicho linakuambia chuma kimesimama. Likipungua kasi kidogo, utaliona linarudi nyuma.

Ndiyo maana, alisema mzee, penye mashine inayozunguka taa hazifungwi zote kwenye fezi moja, yaani njia moja ya umeme. Unazigawa fezi tatu, hii hapa, ile pale. Moja ikizimika nyingine inawaka. Jicho halidanganyiki.

Nikapanda ngazi tena. Nikafungua kifuniko cha mfereji wa nyaya.

Nyaya za zamani zilikuwa humo, rangi tatu. Nyekundu, njano, bluu. Mtu wa kwanza kuifungia gereji ile umeme alizigawa vizuri kabisa.

Zilikuwa zimekatwa. Ncha zimefungwa utepe mweusi kwa namna yangu, ninavyoukunja mwisho kama sikio.

Ngoja nieleze, maana hapa ndipo penyewe.

Miaka ile umeme ulikuwa unasumbua. Fezi moja inapotea, theluthi ya taa inakufa, watu wanafanya kazi nusu gizani. Spana akaniomba nifanye kitu. Nikafanya. Nikazikusanya taa zote za gereji kwenye waya mmoja, nikaweka chenjiova. Fezi hii ikipotea, unazungusha kishikio, taa zote zinahamia fezi nyingine. Kazi safi! Watu walipiga makofi. Spana alinikumbatia mbele ya wateja, akasema, "Shemeji yangu huyu ni bingwa."

Kila mtu alinisifu. Na mimi nikajisifu kuliko wote.

Nikamuuliza Kipara, "Hili gurudumu mlianza lini kuliona limesimama?"

"Tangu msiba."

"Kabla ya msiba hamkuliona?"

Akafikiri. Akakuna kile kichwa kisicho na nywele. "Unajua, mara moja mbili tuliliona. Tukadhani ni macho. Ilikuwa mwaka ule ule ulipotuletea ile chenjiova yako."

Nilikaa juu ya tairi. Nilikaa sana.

Sasa nikuambie ukweli ambao sikutaka kuuandika. Nilipoinuka, nilianza kushusha tyubu. Nilishusha nne. Niliwaza hivi: mpaka saa kumi zote zitakuwa kwenye takataka, LED zitawaka, gurudumu litaonekana linakimbia, mzimu utakuwa umeondoka, na nitaitwa bingwa kwa mara ya pili. Nani atajua? Kipara anaamini ni marehemu. Mzee wangu wa umeme alishazikwa.

Nilikuwa naifungua ya tano dada alipokuja na chai.

"Pazuri," akasema, anaangalia juu. "Mume wangu angependa." Kisha akanimiminia. "Jana nimepita kule barabarani, nikamuona yule muuaji anapaka geti la watu. Amekonda. Nikatema mate chini aone."

Nikakiweka kikombe juu ya ngazi bila kukionja.

"Dada," nikasema, "weka birika chini. Njoo nikuoneshe kitu."

Nikazirudisha zile tyubu nne. Nikazima LED. Nikawasha kompresa zote mbili, kama siku ile, yeye akiwa bado mbele haoni ninachowasha. Nikamsogeza mpaka pale.

"Unaona nini?"

"Kompresa."

"Gurudumu likoje?"

"Si limesimama? Inayopiga kelele ni hiyo ndogo." Na akanyoosha mkono kunionesha. Akaupeleka, hivi hivi, kwa kuelekeza tu, kidole kinaelekea kwenye spoki.

Nilimvuta kwa nguvu mpaka tukaanguka wote sakafuni.

Alinitazama kama nimerukwa na akili. Nikaokota kipande cha boksi, nikakisogeza kwenye lile gurudumu lililosimama. Likakipiga, kikasagika, vipande vikatua kwenye nywele zake.

Dada alibaki ameketi sakafuni, anaangalia chuma kilichosimama kikisaga karatasi.

Nikawasha LED akaona kinavyokimbia. Nikazima. Nikawasha. Nikamweleza yote, fezi tatu, fezi moja, mpaka utepe mweusi.

Aliokota kipande kimoja cha boksi, akakitazama.

"Kwa hiyo mume wangu hakudanganya."

"Hakudanganya."

"Na yule naye hakudanganya."

"Naye hakudanganya, dada. Aliikuta inanguruma kweli. Pengine Spana mwenyewe ndiye aliyeiwasha asubuhi."

"Ulijua?"

"Sikujua."

"Ulifundishwa?"

Hapo ndipo ningeweza kujificha. Nikasema, "Nilifundishwa. Sikusikiliza."

Akainuka, akajifuta vipande vya boksi kwenye khanga yake, akazima kompresa mwenyewe. Swichi ile hakuwahi kuigusa tangu msiba.

"Twende," akasema.

Tulimkuta kando ya barabara, amechuchumaa mbele ya geti, kitambaa puani. Alipomuona dada yangu alisimama haraka na kurudi nyuma hatua mbili, kama mtu anayetarajia kupigwa.

Dada alishindwa kuanza. Nikaanza mimi. Nilieleza kila kitu pale pale, magari yanapita, vumbi linatujaa, mwenye geti kasimama mlangoni anasikiliza bure.

Fundi Rangi alisikiliza bila kupepesa. Nilipomaliza akaangalia kiwiko chake cha kulia. Akakigeuza. Akakiangalia tena.

"Si kiwiko," akasema.

"Kiwiko gani?"

"Mimi nilishakubali, fundi. Mwaka wa kwanza nilibisha. Mwaka wa pili nikaanza kujiuliza. Spana hasemi uongo, mimi namjua. Kama alisema lilikuwa limesimama, basi lilikuwa limesimama, na pale swichini nilikuwa peke yangu. Nikasema labda niligusa kwa kiwiko nikichomeka mpira. Nikaanza hata kukumbuka. Nakisikia kile kiswichi kinavyosukumwa. Kila siku nakisikia. Miaka minne sasa naomba msamaha kwa kitu ninachokumbuka kabisa kukifanya."

Dada yangu akapiga magoti kwenye vumbi. Fundi Rangi akamzuia, akamshika mabega, "Shemeji, usifanye hivyo, shemeji, inuka," huku na yeye machozi yanamtiririka na kuchanganyika na rangi usoni.

Alipotulia aliuliza swali moja tu.

"Mama yangu alifariki mwaka juzi. Alikuwa ananiombea kila asubuhi nisamehewe kumuua rafiki yangu. Nilimwambia mimi mwenyewe kwamba nimeua. Yeye naye nitamwambiaje kwamba si mimi?"

Alikuja gereji kesho yake kuliona gurudumu. Aliomba tuwashe na kuzima mara nyingi. Dada alimwambia arudi kazini, sehemu yake ya kupaka rangi iko vile vile. Akasema atafikiri. Bado anafikiri, na sisi hatumsukumi. Mbele ya mafundi wote na majirani, dada alitamka kwa mdomo wake kwamba yule mtu hana kosa. Halafu akataja mwenye kosa, nami nikiwa nimesimama pembeni yake. Nilitaka iwe hivyo.

Tyubu zote zimeshuka. LED zinawaka. Kava la wavu limerudi, na boliti zake nane nimezifunga mwenyewe. Kipara anasema marehemu ameondoka. Dada ananipikia, ananisalimia, lakini bado hajaweza kuniangalia usoni zaidi ya sekunde moja.

Ungedhani simulizi imeishia hapo.

Wiki ile nilipata homa ya ajabu, na katika ile homa nikakumbuka kitu. Baada ya Spana kunisifu mbele ya wateja, wateja walinitafuta. Kila mwenye karakana alitaka ile chenjiova. Mwenye mashine ya mbao. Mwenye kusaga unga. Mwenye kuchonga vyuma. Nilifanya kazi ile ile, kwa waya ule ule mmoja, nikapigiwa makofi yale yale, katika karakana kumi na moja.

Nilizizungukia kwa miguu. Karakana ya kwanza, ya msumeno wa mbao, mwenyewe alinikaribisha vizuri, tukapiga soga. Nilipoulizia msumeno akashusha sauti.

"Kuna kitu mle ndani," akaniambia. "Wakati mwingine unauona umesimama huku unalia. Vijana wanaogopa. Tumeshaita watu wa dua mara mbili."

Nilimwomba azime mashine, nikaingia na ngazi yangu. Nilimbadilishia taa siku ile ile.

Mpaka leo ninapoandika nimemaliza saba. Katika hizo saba, tatu zilikuwa na mzimu wake. Katika moja kuna mtu hana vidole viwili, na kuna binamu yake aliyelaumiwa, hawaongei tangu siku ile. Nimewaketisha wote wawili chini ya tyubu, nikawawashia mashine waone.

Somo langu ni fupi, na sikulipata kwa bei rahisi. Kazi uliyokosea utaambiwa, watu watapiga simu usiku na mchana. Kazi uliyosifiwa hakuna atakayekuja kuikagua, kwa hiyo rudi ukaikague mwenyewe, wewe fundi, wewe mwalimu, wewe mzazi. Na kabla hujauliza "nani alifanya?" huku umemkazia mtu macho, angalia kwanza mikono yako.

Zimebaki karakana nne. Kesho asubuhi naenda kwa mwenye mashine ya unga. Ukiwa na jirani mwenye karakana anayesema mashine yake ina kitu, mwambie asiiguse mpaka aite fundi wa taa.